Wageni wa ukweni wanakuja Mtwara: pilau ya mjini, wali wa pweza Mikindani au biriani ya Lindi?

Nahodha_Shangani
Assalaam alaykum jamani. Nina wageni wanakuja hapa Mtwara. Hawataki kulishwa kwenye hoteli kubwa, wanataka wali wa kwetu, ule wa migahawa ya mitaani, wazunguke waonje hapa kidogo na pale kidogo. Sharti lao moja: halali isiyo na wasiwasi. Nimebakiza njia tatu. Pilau mjini, jirani na Soko Kuu. Wali wa nazi na pweza Mikindani. Au niwabebe mpaka Lindi kwenye biriani. Mwenye gari anataka advansi yake kesho, kwa hiyo nahitaji kuamua leo.

BintiMikindani
Waalaykum salaam kaka. Hujasema wako wangapi, wanakuja siku gani, wala kama wana wazee. Na mfukoni je? Maana kuna sahani ya mama ntilie na kuna sahani ya mgahawa wenye feni.

Mimi nakwambia Mikindani. Kuna akina mama kule bado wanakuna nazi kwa mbuzi asubuhi hiyohiyo. Tui la pili ndilo linalochemshia mchele, tui zito linaingia maji yakikaribia kukauka, halafu mkaa unapaliwa juu ya mfuniko. Wali ule ukifunuliwa unaweza kuula mtupu. Na kisamvu chao wanatia korosho za kutwanga, si karanga. Wageni wako hicho hawakipati kila siku.

Mpishi_wa_Maulidi
Dada, wali wa nazi kila nyumba ya pwani wanapika. Mgeni apewe pilau. Tatizo ni kwamba migahawa mingi siku hizi inachemsha mchele na bizari ya unga, inatia rangi, kisha inapanga vipande vya nyama juu. Ile si pilau. Pilau unakaanga vitunguu mpaka viwe kahawia, unatia swaumu na tangawizi, bizari nzima, mdalasini, hiliki, karafuu na pilipili manga, nyama inaingia na supu yake, na mchele unaivia humohumo ndani ya supu. Muonje wali wenyewe bila nyama. Kama hauna ladha ya supu, nyanyuka uende kwingine.

Halafu waambie wageni waje Ijumaa. Ijumaa baada ya swala pilau inakuwa mpya na inaisha haraka. Siku nyingine unaweza kupewa ya jana.

Nahodha_Shangani
Samahanini, niliandika nikiwa njiani. Ni watu tisa, wakwe wa mdogo wangu wa kike, kutoka Dar. Siku ni Jumamosi, siwezi kuibadilisha, wamekwisha kata tiketi. Yupo bibi mmoja magoti yanamsumbua. Fedha si tatizo kubwa ila sitaki kuibiwa.

Ustadh_Chikongola
Shekhe, kuna jambo kubwa zaidi hujalisema. Hao wakwe ni madhehebu gani? Sisi wa pwani wengi ni Shafii, kwetu viumbe vya baharini ni halali, pweza na kamba wamo. Kwa Wahanafi, cha baharini kinacholiwa ni samaki. Pweza hawali, na kuhusu kamba wenyewe wanazuoni wao wamehitilafiana. Ukimwekea mzee wa Kihanafi sahani ya pweza mbele ya ukoo mzima umemtia kwenye mtihani, atakaa anatazama tu. Uliza kabla hujalipa gari.

Nahodha_Shangani
Baba mkwe upande wa mama yake ana asili ya Kihindi. Hilo sikuliwaza. Nitauliza.

Kijana_Ligula
Mnakuza mambo. Ingia mgahawa wenye cheti cha halali cha BAKWATA, Baraza Kuu la Waislamu, ukutani, kula, ondoka.

Ustadh_Chikongola
Mwanangu, vyeti hivyo utavikuta zaidi kwenye viwanda, machinjio na hoteli kubwa. Mama ntilie wa Magomeni atakitoa wapi? Na kukosa cheti hakumfanyi awe na chakula cha haramu. Unamuuliza kwa adabu: kuku kachinja nani, nyama imetoka bucha gani. Mtu anayechinja vizuri anajibu bila kununa. Samaki hahitaji kuchinjwa, ndiyo maana ukiwa na shaka unaagiza wali samaki.

Mama_Zuwena
Naomba niseme yaliyonikuta, kwa sababu hata huyo samaki anategemea kakaangwa wapi.

Nilikuwa safarini na mama mkwe wangu, tukashuka kula kwenye mgahawa mmoja wa barabarani, jina nalihifadhi. Mbele wameandika HALALI kwa herufi kubwa za kijani. Mhudumu kavaa ushungi, maji ya kunawa yapo, birika safi, kila kitu kizuri. Tukaagiza wali wa nazi na changu wa kukaanga. Mama mkwe akaenda kutafuta choo, na njia ya chooni inapita jikoni. Akarudi kimya. Nikamuuliza, akasema, “Mwanangu, usile.” Nyuma ya mgahawa kulikuwa na uwazi unaoungana na baa ya jirani, na jiko ni moja. Kijana anakaanga kitimoto, nyama ya nguruwe, kwenye karai, anakiopoa, koleo hilohilo linaingia kwenye karai la samaki. Mama alisimama akamtazama akifanya hivyo mara ya pili ndipo akarudi.

Nikamwita mwenyewe. Akaniambia karai ni mbalimbali, kwa hiyo hakuna tatizo. Nikamuuliza, na koleo? Na mafuta yanayodondoka? Akaanza kusema tunamharibia biashara mbele ya wateja. Tulilipa, kwa sababu mama mkwe alikataa katakata tuondoke na deni, na tukasafiri na njaa mpaka nyumbani. Yule mama mpaka leo akitoka anabeba chakula chake kwenye hotpoti. Mtu mzima kuvunjiwa imani namna ile inauma sana.

Kwa hiyo Nahodha, wewe tangulia. Ijumaa jioni nenda mwenyewe, omba kuona jiko. Atakayekuzuia, usiwapeleke wageni wako.

BintiMikindani
Pole sana mama. Jamani, neno “halali” la kuandika kwa rangi si kinga.

Dereva_Kusini
Pole mama. Nirudi kwenye safari. Mtwara mpaka Lindi ni zaidi ya kilomita 100, lami, mnapita Mnazi Mmoja. Kwenda na kurudi na bibi mwenye magoti mabovu, kwa sahani moja ya biriani, mimi ningekataa. Na biriani haipikwi kila siku. Wengi ni Ijumaa, au kwa oda. Mkifika Jumamosi bila oda mtapewa wali mweupe umemwagiwa rojo la jana, mtaambiwa ndiyo biriani.

Mtanda_Lindi
Usiipake matope Lindi. Ukitoa oda siku mbili kabla unapata biriani ya kweli, nyama imelazwa kwenye mtindi, vitunguu vya kukaanga vya kutosha, mchele umechemshwa peke yake. Ila kweli, bila oda usije.

BintiMikindani
Mikindani ni kama kilomita 10 tu kutoka mjini. Bibi hatachoka, na vijana watakwenda kuliona Boma la Wajerumani la mwaka 1895.

Dereva_Kusini
Lakini dada, umetazama mwezi? Pweza anapatikana vizuri maji ya bamvua, miamba ikitoka nje. Jumamosi hii mwezi ni nusu, maji mafu, hayapwi sana. Watakuwekea pweza wa barafu. Bora kolekole au changu wa asubuhi pale Feri.

BintiMikindani
Hapo umenishika. Basi wali wa nazi na samaki, kisamvu pembeni.

Mpishi_wa_Maulidi
Nasisitiza pilau. Hata Jumamosi, ukiwa na watu tisa, mpe mama pesa ya nyama Ijumaa apike sufuria yenu peke yenu. Mchele atafute wa Mbeya, usishikane.

Mkulima_Kitere
Kwa nini wa Mbeya wakati sisi tunalima mpunga hapahapa Kitere? Mnaagiza mchele kutoka upande wa pili wa nchi, wetu mnausahau.

Mpishi_wa_Maulidi
Mzee wangu, wa kwenu mtamu kwa nazi. Kwenye pilau niliutia ukawa bokoboko.

Mkulima_Kitere
Uliutia mpya. Mchele uliotoka kuvunwa una maji, hata wa Mbeya utashikana. Uliokaa ghalani miezi kadhaa unachambuka. Na maji ulipima kwa mazoea ya mchele mwingine.

Kijana_Ligula
Nahodha umeuliza mambo ya pweza? Umelipa gari?

Nahodha_Shangani
Baba mkwe hapokei simu. Mwenye gari kanipa mpaka saa nne asubuhi.

Mpishi_wa_Maulidi
@Mkulima_Kitere nipe kilo tano nijaribu tena. Unaleta mjini au nikufuate?

Mkulima_Kitere
Jumatatu gari linashusha Soko Kuu. Nitakuwekea wa msimu uliopita, usichanganye na wa sasa.

Mama_Zuwena
Na mimi kumi, tafadhali. Wenye chenga chache.