Siku nne za ndege kusini mwa Arizona: Julai au Januari?

Mpekuavichaka (mleta uzi)
Wakuu, habari za majukumu. Nina siku nne za kuangalia ndege tu, Tucson na milima ya kusini yake. Naweza kwenda mwisho wa Julai au katikati ya Januari. Nimeorodhesha sehemu 11: Mount Lemmon, Madera, Patagonia, Ramsey, Chiricahua na kadhalika. Naogopa joto, maana Julai kule nyuzi 40 ni kawaida. Ninayemtaka kuliko wote ni trogoni, yule dume mwenye tumbo jekundu. Natanguliza shukrani.

Darubini Kuukuu
Mkuu, sehemu 11 kwa siku nne utaangalia lami, si ndege. Joto lisikutishe. Milima ile imesimama jangwani kama visiwa; ukipanda, joto unaliacha chini. Barabara ya Mount Lemmon unaianza kwenye mipungate ya saguaro, na kama saa moja baadaye uko kwenye misonobari, zaidi ya mita 2,400, unatafuta koti. Kila kimo kina ndege wake: chini kigong'ota wa Gila anatoboa saguaro, juu yuko kale kadogo ka kijivu, uso kama kamepakwa rangi nyekundu. Nenda Julai.

Mtegasikio
Napinga. Januari, alfajiri, kwenye bwawa la Whitewater Draw. Korongo kwa maelfu wamelala wamesimama majini. Kukianza kupambazuka wanapiga kelele, kundi linanyanyuka, jingine linafuata, mpaka hujui utazame wapi. Vidole viliniganda nikashindwa kuzungusha darubini, na ningerudi hata kesho.

Kibwana
Korongo ndege au korongo bonde? Maana Madera nayo ni korongo 😂

Mtegasikio
Ndege, jamani!

Darubini Kuukuu
Sawa, ila jamaa kaomba trogoni, na Januari wengi wao wako Meksiko. Julai wako kwenye miti mikubwa kando ya vijito. Sauti yake ni kama chura anayekoroma. Ukimsikia, kaa chini utulie. Usimpigie rekodi ya sauti yake kwa simu, ataacha kiota aje kugombana na spika.
Cha kuogopa Julai ni mvua. Asubuhi anga safi, saa nane mchana radi. Mito mikavu hujaa ghafla, hata kama imenyesha mlimani na wewe uko juani. Maji yakikatiza barabara, zima gari usubiri.

Mama Chiriku
Mwanangu, Patagonia usiiache. Kwenye bustani ya Paton wametundika vichupa vya maji ya sukari. Unakaa tu, ndege wavumaji wanakuja wenyewe. Mvizie yule wa utosi wa zambarau na kifua cheupe.
Mimi nilienda Mei. Jioni moja nilikaa mbele ya tundu la kigong'ota kwenye saguaro, shingo ikaniuma, mara kikachungulia kichwa kama ndimu. Bundi huyo ana gramu 40 hivi, hakuna mdogo kuliko yeye duniani.

Mpekuavichaka
Asanteni sana. Nimefuta nane, nimebaki na Madera, Patagonia na Mount Lemmon. Julai. Mama, shikamoo, na bundi nitamtafuta. Nibebe mabuti ya mvua?

Darubini Kuukuu
Beba koti. Viatu vitakauka.