Kikundi cha ukoo: Faraji anafikishwa mahakamani Jumatatu

Mama Faraji: Assalamu alaykum jamaa zangu. Nimerudi kutoka kituoni sasa hivi. Faraji bado yuko seli tangu jana Ijumaa magharibi, na afisa aliyenipokea ameniambia atafikishwa mahakamani Jumatatu asubuhi kujibu shtaka la wizi wa kimabavu. Wanasema abiria aliyembeba kwa bodaboda alimtolea mwanamke mmoja kisu, akampora simu na mkoba, kisha akapanda pikipiki wakaondoka pamoja, kwa hivyo wote wawili ni washirika. Huyo abiria hajapatikana. Nilipokuwa natoka, mtu mmoja aliyesimama karibu na lango alinifuata akaniambia kwamba nikitoa shilingi 30,000 usiku huu, jambo hili litaishia hapo hapo. Nishaurini, maana sijui nianzie wapi.

Ami Salim: Wa alaykum salaam, shemeji. Pole sana, na Mwenyezi Mungu atamfanyia wepesi. Rai yangu ni kwamba kesho tumtafute huyo mama aliyeporwa, tuzungumze naye kiungwana na kumlipa thamani ya vitu vyake, ili akaiondoe kesi. Mahakama hula miaka ya mtu, na kijana ana umri wa miaka 22 tu.

Shangazi Mwanajuma: Wifi yangu, pole. Na wewe kaka Salim, nakuomba usiende kwa huyo mama. Kesi ya wizi wa kimabavu ni ya Jamhuri, yaani serikali, si ya aliyeporwa, na yeye hawezi kuifuta kwa kusema tu kwamba amelipwa. Upande wa mashtaka ukisikia kuwa jamaa wa mshtakiwa wamebisha hodi kwa shahidi wikendi hii, Jumatatu utasimama na kumwambia hakimu kwamba mashahidi wanaingiliwa, na hiyo ni mojawapo ya sababu nzito za kumnyima mtu dhamana. Utakuwa umekwenda kwa nia njema na kumfungia mtoto mlango.

Zile 30,000 asipewe mtu yeyote. Dhamana ya polisi haina ada, na fedha yoyote ya dhamana inayowekwa kituoni hutolewa risiti rasmi, kisha hurudishwa kesi ikimalizika. Tena kwa shtaka zito kama hili, anayeamua dhamana ni hakimu. Huyo wa langoni anauza kitu asichokuwa nacho. Fedha hiyo hiyo, wifi, ndiyo itakayomleta wakili kesho.

Rukia: Shikamoo Shangazi. Nilipompelekea kaka chakula adhuhuri, aliniambia wamemtaka aandikishe maelezo kwamba alimbeba yule abiria na kwamba aliona kisu, ati akitia sahihi ataachiliwa na kufanywa shahidi. Hajatia sahihi bado, lakini amechoka, na wenzake wa seli wanamwambia akubali.

Shangazi Mwanajuma: Marahaba mwanangu. Hili ndilo jambo la usiku huu, na linatangulia mengine yote. Faraji asiandikishe maelezo wala kutia sahihi karatasi yoyote kabla ya kuonana na wakili. Kifungu cha 49 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mtu aliyekamatwa haki ya kuelezwa sababu ya kukamatwa kwake kwa lugha anayoielewa, haki ya kunyamaza, haki ya kuwasiliana na wakili, na haki ya kutolazimishwa kukiri. Kunyamaza si kiburi wala si dalili ya hatia. Aseme kwa adabu, "Afande, nitazungumza wakili wangu akiwepo," basi. Ataje jina lake na anakoishi, na asitupiane maneno na yeyote.

Mjue pia kwamba si kila karatasi iliyotiwa sahihi kituoni hukubaliwa mahakamani kuwa ungamo. Sheria ya Ushahidi inataka ungamo litolewe mbele ya jaji, hakimu, au afisa wa polisi ambaye si mpelelezi wa kesi hiyo na ambaye cheo chake kinatosha kisheria, na tena pawepo mtu wa tatu aliyechaguliwa na mtuhumiwa mwenyewe. Lakini kupigania karatasi iliyokwisha kutiwa sahihi ni kazi ya miezi, na kuikataa leo ni neno moja.

Mama Faraji: Nitarudi sasa hivi na chai nimwambie. Je, kumkalisha ndani hadi Jumatatu ni halali? Nimekuwa nikisikia habari ya saa 24.

Shangazi Mwanajuma: Ni saa 24, wifi, lakini Katiba inasema kwamba zikiishia nje ya muda wa mahakama au katika siku isiyo ya kazi, afikishwe siku ya mahakama inayofuata. Alikamatwa Ijumaa magharibi, kwa hivyo Jumatatu iko ndani ya sheria. Jumatatu ikipita bila kufikishwa, hapo wakili ana la kusema. Wanaweza pia kumleta na kuomba wamzuilie siku kadhaa wakiendelea na upelelezi kabla ya kusomewa mashtaka. Hilo si agizo la polisi, ni ombi kwa hakimu, na linaweza kupingwa.

Unapompelekea chai, mtazame vizuri. Ukiona jeraha au akilalamika maumivu, tuandikie hapa mara moja. Akipigwa, hakimu aambiwe siku hiyo hiyo ya kwanza ili iandikwe kwenye jalada na apelekwe hospitali ajaziwe fomu ya P3 ya kuandika majeraha, kwa sababu uvimbe hupungua kabla kesi haijatajwa tena.

Hafidh (Doha): Assalamu alaykum. Mimi ninaweza kutuma 60,000 kesho asubuhi. Rafiki yangu wa Mombasa ananiambia kuna wakili anayemjua ambaye anahakikisha mtu anatoka Jumatatu ile ile. Nitume kwake?

Shangazi Mwanajuma: Ahsante sana, mwanangu Hafidh, Mungu akuzidishie. Usitume kwake. Wakili mwaminifu hawezi kukuhakikishia uamuzi ambao si wake, na nilipokuwa karani wa mahakama niliwaona watu wengi wakiambiwa maneno hayo hayo na madalali wa kwenye ukumbi, wengine wao wakiwa hata hawajasomea sheria. Kila wakili hutakiwa kuwa na cheti cha kuhudumu cha mwaka huu, na Chama cha Mawakili cha Kenya, LSK, kina orodha kwenye mtandao ambapo Rukia anaweza kutafuta jina na kuona kama cheti kiko hai. Jina lisipopatikana humo, fedha isitoke.

Tukishampata, tuandikiane. Iandikwe wazi kama ada ni ya siku ya kujibu mashtaka na ombi la dhamana peke yake, au ni ya kesi yote hadi hukumu, kwa sababu hapa ndipo jamaa wengi hugombana na mawakili baada ya miezi mitatu. Kila shilingi iwe na risiti.

Ami Salim: Nimekuelewa dada, kwa huyo mama siendi. Lakini tuseme ukweli, 60,000 za Hafidh hazitafikisha kesi mwisho. Hii serikali haina wakili wa kumpa mtu asiyejiweza?

Shangazi Mwanajuma: Anaweza kupewa, kaka, ila haji mwenyewe. Kifungu cha 50 cha Katiba kinasema mshtakiwa apewe wakili kwa gharama ya serikali iwapo bila wakili dhulma kubwa itatendeka, na tena aarifiwe haki hiyo mapema. Bunge likatunga Sheria ya Msaada wa Kisheria mwaka 2016, na ndiyo iliyounda Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria. Kwa mashtaka ya mauaji katika Mahakama Kuu, mshtakiwa asiye na wakili amezoea kupangiwa mmoja. Wizi wa kimabavu husikizwa na hakimu, na huko mambo hayajanyooka hivyo, ingawa adhabu iliyoandikwa sheriani ni kifo. Mimi hili huniuma, kwa sababu anayekabiliwa na adhabu hiyo mbele ya hakimu anahitaji mtetezi sawasawa na yule aliye mbele ya jaji.

Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ilitoa uamuzi katika kesi ya Jamhuri dhidi ya Karisa Chengo na wenzake wawili, rufaa iliyopitia Mahakama ya Rufaa ya hapa kwetu Malindi. Ilisema kwamba haki hii haitolewi kwa kila mtu papo hapo. Hutazamwa uzito wa kosa, ukali wa adhabu, uwezo wa mshtakiwa kulipa, elimu yake, kama ni mtoto, na ugumu wa kesi yenyewe. Kwa hivyo Faraji akifika mahali fedha zimekwisha, asikae kimya. Asimame amwambie hakimu, "Mheshimiwa, sina uwezo wa wakili, naomba msaada wa kisheria," na aombe maneno hayo yaandikwe katika kumbukumbu za mahakama. Ombi lililoandikwa linaweza kusaidia hata kwenye rufaa.

Wakati huo huo tubishe hodi kwingine. Kituo cha Sheria, kilichoanza mwaka 1973 kuwatetea wasiojiweza, kina ofisi Mombasa, na MUHURI, shirika la kutetea haki za binadamu, nao wako huko huko. Kesho ni Jumapili, kwa hivyo Rukia awaandikie barua pepe usiku huu, na Jumatatu mtu mmoja wetu awe mlangoni kwao ofisi zikifunguliwa.

Rukia: Nitaandika sasa hivi. Shangazi, mimi ninaamini kaka hakujua. Alilipwa nauli kwa M-Pesa. Mwizi gani hulipa nauli kwa mwenzake wa wizi?

Shangazi Mwanajuma: Hapo umegusa kiini, na nataka sote tukae hapo kidogo. Kosa hili huthibitika mwizi akiwa na silaha ya hatari, au akiwa na mwenzake mmoja au zaidi, au akimjeruhi mtu. Kwa hivyo utetezi wa Faraji unasimama juu ya swali moja: alikuwa mwenzake wa yule mtu, au alikuwa mwendeshaji aliyebeba abiria? Ujumbe wa M-Pesa unaonyesha saa, kiasi, na nambari ya aliyelipa. Simu ya Faraji huenda imechukuliwa na polisi kama kielelezo, kwa hivyo wakili aombe iorodheshwe, na kumbukumbu za malipo ziombwe kwa kampuni ya simu. Wewe Rukia nenda steji kesho mapema, uwaulize vijana ni nani aliyemwona abiria akijadiliana bei, alivaa nini, na walielekea wapi. Usiwafundishe la kusema. Andika majina na nambari zao, umpe wakili.

Kama njiani kuna kituo cha petroli au duka lenye kamera, mwenyewe aombwe aihifadhi picha ya Ijumaa jioni kabla haijafutwa na picha mpya. Hii ndiyo kazi isiyongoja Jumatatu.

Na wakitaka kumpanga kwenye gwaride la utambulisho, yaani asimamishwe na watu wengine ili shahidi amtambue, ana haki ya kuwa na wakili au rafiki hapo. Kama yule mama alimwona Faraji kituoni kabla ya gwaride, au alionyeshwa picha yake, tunahitaji kujua leo. Wifi, muulize.

Mama Faraji: Nimefika, nimemwona. Hana jeraha, alhamdulillahi. Nimemwambia kuhusu maelezo na amekubali kunyamaza. Anasema leo asubuhi alitolewa seli akasimamishwa ukumbini, na mwanamke mmoja akapita akimtazama. Anauliza pia, wakimsomea mashtaka Jumatatu aseme nini, kwa sababu ni kweli alimbeba yule mtu na hataki kusema uongo.

Shangazi Mwanajuma: Habari ya huyo mwanamke ni kubwa sana. Rukia, iandike na saa yake, na wakili aambiwe kabla ya jambo lingine lolote.

Kuhusu mashtaka, hatasema uongo. Hati ya mashtaka haimuulizi kama alibeba abiria, inamuuliza kama aliiba kwa mabavu, na jibu lake ni kwamba si kweli. Akianza kusema, "Ni kweli, lakini..." hakimu anapaswa kuandika kwamba amekana, huo ndio utaratibu tangu kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri ya 1973, lakini asitegemee kwamba ile "lakini" itasikika katika kelele za asubuhi ya Jumatatu. Asomewe mashtaka kwa Kiswahili, na asipoelewa neno aseme hajaelewa.

Ami Salim: Kwa dhamana, mimi nitasimama mdhamini. Hati ya shamba la Kwale iko kwangu.

Shangazi Mwanajuma: Hati hiyo bado ina jina la marehemu baba, kaka, na mirathi haijafunguliwa. Mahakama haitaipokea, kwa sababu mali hiyo kisheria si yako bado. Lete kitambulisho, cheti cha PIN ya kodi, na kadi ya umiliki wa gari lako. Wakitoa masharti ya fedha taslimu, zilipwe kwa nambari ya malipo itakayotolewa na mahakama yenyewe, na risiti iandikwe jina la Hafidh, maana kesi ikimalizika na Faraji akiwa amehudhuria kila siku, fedha hurudi kwa aliyetajwa kwenye risiti. Afisa wa uangalizi akija nyumbani kuandika ripoti ya dhamana, mpokeeni na mjibu anachouliza, kwa sababu anatazama kama kijana ana makazi na watu wa kumsimamia.

Rukia: Nimempata wakili mmoja, jina lake liko kwenye orodha ya LSK na cheti ni cha mwaka huu. Ada ya kujibu mashtaka na dhamana ni 25,000, ataiandika. Atafika kituoni kesho saa tatu asubuhi na anataka mama awepo.

Hafidh (Doha): Nitumie nambari ya malipo ya ofisi yake na jina la akaunti, Rukia. Nitalipa 25,000 sasa, na zilizobaki nitazishikilia kwa ajili ya dhamana.

Shangazi Mwanajuma: Vizuri. Wifi, saa tatu kasorobo tukutane langoni, mimi nitakuwa nawe. Beba nakala ya kitambulisho cha Faraji na leseni yake ya kuendesha pikipiki. Kaka Salim, wewe Jumatatu uwe mahakamani saa mbili, umuulize karani wa masjala nambari ya kesi na chumba kitakachoisikiliza, kisha utuandikie hapa.