Kwa nini wenyeji asilia wa Marekani wana ukumbi wao wa heshima wa michezo?

Mwalimu_Mbulu
Habari zenu ndugu zangu. Nafundisha michezo sekondari huku Mbulu. Majuzi niliwasimulia wanariadha wangu fainali ya mita 10,000 ya Olimpiki ya Tokyo 1964. Billy Mills, mwenyeji asilia wa kabila la Lakota kutoka Pine Ridge, Dakota Kusini, yatima tangu ana miaka 12, aliwapita Ron Clarke wa Australia na Mohammed Gammoudi wa Tunisia karibu na utepe, akamaliza kwa 28:24.4. Nikawaambia jina lake limo kwenye ukumbi wa heshima wa wanamichezo wenyeji asilia, yaani mahali pa kuenzi majina ya waliofanya makubwa. Binti mmoja akauliza, "Kwa nini wawekwe peke yao? Kwani hao si Wamarekani?" Nataka kumpa jibu lililoshiba. Walioko huko mnasemaje?

Mama_Lawrence
Salaam, Mwalimu. Mimi ni mtu wa Tanga, ila naishi Lawrence, Kansas. Ukumbi huo ulianzishwa hapa Haskell mwaka 1972. Leo Haskell ni chuo kikuu cha wenyeji asilia, lakini ilifunguliwa 1884 kama shule ya bweni ya serikali, ya kuwavua watoto lugha na mila za kwao. Mpaka leo kuna makaburi ya watoto hapo. Mills mwenyewe alisoma Haskell.

Mwambie binti habari za Louis Tewanima, wa kabila la Hopi, kutoka Second Mesa, Arizona. Mwaka 1907 askari walimchukua na wenzake, wakapelekwa shule ya bweni ya Carlisle, Pennsylvania, mbali kabisa na kwao. Mwaka uliofuata akakimbia marathoni ya Olimpiki London, akawa wa 9. Stockholm 1912 akachukua fedha ya mita 10,000 nyuma ya Hannes Kolehmainen wa Finland. Kisha akarudi kwao, akachunga kondoo na kulima mahindi hadi alipofariki 1969.

Sasa angalia: tangu 1912 hadi Galen Rupp alipopata fedha London 2012, wanaume wa Marekani waliopata medali ya Olimpiki kwenye mbio hizo za mita 10,000 ni wawili tu, Tewanima na Mills. Wote wenyeji asilia, wote wamepitia shule hizo za bweni. Nchi ilikaa miaka mia bila mwanamume mwingine! Uliza Wamarekani wangapi wanamjua Tewanima. Ukumbi ulipoanza, jina lake lilikuwa kati ya majina ya kwanza, na waliomchagua ni watu wanaojua alikotolewa. Kwangu hilo ndilo jibu.

Mwanariadha_Eldoret
Dada, nakusikia, lakini nina wasiwasi. Ukijenga ukumbi wa pembeni, wenye kumbi kubwa hawatasema, "Hao wana kwao"? Heshima ya mkimbiaji ni saa na medali. Tokyo hiyo hiyo Wilson Kiprugut alituletea shaba ya mita 800, medali ya kwanza ya Kenya, na alisimama jukwaani na wenzake wote.

Mama_Lawrence
Kaka, Jim Thorpe wa kabila la Sac and Fox aliingizwa ukumbi wa soka la Kimarekani kule Canton, Ohio, tangu kundi la kwanza la 1963. Mills yumo kwenye ukumbi wa taifa wa riadha tangu 1976. Na wote wawili wamo katika ukumbi wa wenyeji asilia. Na hiyo saa na medali unayoitegemea, Thorpe alinyang'anywa dhahabu zake mbili za 1912 kwa sababu aliwahi kulipwa vijisenti kucheza besiboli, na enzi hizo Olimpiki haikuruhusu wanamichezo wa kulipwa. Alikufa 1953 bila kurudishiwa. Ni 2022 tu ndipo kamati ya Olimpiki ilipomtambua tena kuwa bingwa pekee. Ukumbi wa kwao ulimtambua nusu karne kabla ya hapo, wala haukusubiri ruhusa ya mtu.

Mwalimu_Mbulu
Asante sana dada. Hiyo ya miaka mia inatosha kipindi kizima. Je, ni wanamichezo tu wanaoenziwa hivyo?

Mama_Lawrence
Hapana. Kuna ukumbi mwingine wa taifa wa wenyeji asilia, siku hizi uko Oklahoma City. Kundi la kwanza la 2018 lilikuwa na Wilma Mankiller, mwanamke wa kwanza kuwa chifu mkuu wa Taifa la Cherokee, na John Herrington aliyekwenda anga za juu 2002. Ila binti yako ni mkimbiaji, aanze na Tewanima.