Kuni, vibanzi au peleti kwa boila ya kupasha nyumba joto?

baridi_tele: Wakuu habarini. Nataka kufunga boila (mtambo wa kuchemsha maji) ya kuchoma mbao ipashe nyumba nzima na maji ya kuoga, sasa nimekwama kwenye cha kuchoma: kuni, vibanzi (mbao zilizokatwakatwa vipande vidogo) au peleti (punje za unga wa mbao ulioshindiliwa), kila muuzaji anasifia chake. Stoo ninayo ila ndogo, na mchana kutwa sipo nyumbani. Nianzie wapi?

fundi_boila: Mkuu chagua kwanza utachoma nini ndo utafute boila, wengi wanafanya kinyume wanakuja kujuta. Angalia unyevu kabla ya yote. Mti uliokatwa leo karibu nusu ya uzito wake ni maji, na hayo maji yote lazima yageuke mvuke kwa moto wako mwenyewe, ndo maana kilo moja ya kuni mbichi inakupa joto la kama kilowati-saa 2 tu, zikikauka hadi unyevu wa asilimia 20 unapata karibu 4, na peleti zinafika 4.8 hivi. Tena kuni mbichi zinagandisha lami ndani ya dohani, siku ikishika moto utakimbia na watoto.

mama_kuni: Mi nachoma kuni miaka sasa na nazipenda, ila nisikudanganye, ni kazi. Unapasua, unapanga juu ya vichanja upepo upite, unasubiri mwaka hadi miwili. Ukitaka kupima unyevu pasua gogo upime ndani, nje kunadanganya. Halafu bila tangi kubwa la kutunza maji moto utakuwa unarudi kuchochea kila mara, na wewe mchana haupo.

baridi_tele: Asante mama. Na vibanzi je? Naambiwa boila inajilisha yenyewe.

fundi_boila: Inajilisha kweli lakini vinakula nafasi sana, mita moja ya ujazo ina kilo 200 hadi 250 hivi wakati ya peleti inakaribia 650. Na vikichanganyika na vijiti virefu, skrubu inayovisukuma kwenye moto inakwama usiku wa baridi kali. Vibanzi waachie mashule na majengo makubwa, kwa stoo yako chukua peleti.

mama_kuni: Kwenye peleti tafuta daraja la ENplus A1, yaani alama ya ubora wa juu wa peleti, unyevu hauzidi asilimia 10 na majivu hayazidi asilimia 0.7. Mfuko ukiwa na vumbi jingi chini urudishe. Zisiguse maji kabisa, zikilowa zinavimba zinarudi kuwa unga wa mbao.

fundi_boila: Na hili naomba ulishike ndugu yangu: peleti zikikaa kwenye stoo iliyofungwa zinatoa kaboni monoksidi, haina harufu wala rangi, na watu wameshakufa kwa kuingia tu kuangalia mzigo. Weka matundu ya hewa yanayotoka nje na king'ora cha hiyo gesi. Ukitaka kuingia zima boila, fungua mlango hewa ipite kwanza, na mtu mwingine asimame nje akuangalie.

baridi_tele: Hilo la gesi hakuna muuzaji hata mmoja aliyeniambia. Kesho naanza na matundu.