Naomba ushauri: kuwapeleka watoto makumbusho ya Ujiji

Habari zenu wakuu. Wapwa zangu wawili, darasa la tano na la saba, wanakuja Kigoma likizo hii. Nataka niwapeleke makumbusho ya Livingstone pale Ujiji, sasa naomba mawazo ya waliokwisha kupeleka watoto.

Kinachoniumiza kichwa ni namna ya kuwaeleza. Mle ndani kuna sanamu za Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi, na Stanley, mwandishi wa habari aliyekuja kumtafuta, wakisalimiana walipokutana hapo mwaka 1871, na michoro ya biashara ya utumwa. Sitaki watoke wakijua Wazungu wawili tu. Ujiji ilikuwa kituo kikubwa: watu na pembe za ndovu vilivushwa ziwa kutoka Kongo, kisha safari ya miguu kupitia Tabora hadi Bagamoyo. Hawa ni watu wetu, na naona mtoto ana haki ya kulijua hilo mapema. Ila yule mdogo ni mwepesi wa kuogopa. Mlianzia wapi nyie? Kwenye michoro, au nje penye miembe na mnara kwanza?

Pia, anayetembeza wageni anakubali maswali mengi ya watoto? Wakikaa chini kuchora wanachokiona, inaruhusiwa?

Wakirudi kwa treni tutashuka Tabora tuione na tembe (nyumba ya udongo ya paa bapa) ya Kwihara, alikokaa Livingstone mwaka 1872. Wenyeji wa Tabora, kutoka stesheni nichukue bajaji au bodaboda, nikiwa na watoto na mabegi?

Natanguliza shukrani.