Fida ya umbo gani kwa kutupa mita 70 kwenye kina cha mita 12?

Chubwi_Zito:
Habari wakuu. Naomba ushauri kuhusu fida, kile kikapu kidogo cha kwenye mshipi wa kuvulia samaki, chenye uzito wa risasi, kinachobeba unga wa chambo hadi chini. Ziwa halina mkondo, ila upepo wa ubavuni haukatiki. Umbali ni mita 65 hadi 75, kina mita 11 hadi 13, na chini kuna tope la wastani. Fimbo ni ya mita 3.9, mwisho wa uzito inaoweza kutupa ni gramu 120, na mshipi mkuu ni wa kusuka wa milimita 0.12. Kwa sasa natumia kikapu cha waya cha gramu 50 chenye risasi ubavuni. Kinayumba hewani, hakiangukii mahali pamoja, na naona kama chambo kinaisha kabla ya kufika chini. Nibadilishe umbo, uzito, au vyote?

MshipiMrefu:
Umbo kwanza, mkuu. Risasi ikikaa ubavuni, fida haina kichwa wala mkia: inajizungusha hewani, upepo unaishika, na kila mzunguko unakula umbali. Tafuta fida ya umbo la kombora, ambayo risasi yote iko puani, kikapu kiko nyuma, na mshipi unafungwa mkiani. Uzito unatangulia, kikapu kinafuata. Zenye mapezi mkiani hutulia zaidi, na pia huinuka haraka unapovuta, kwa hiyo hazinasi sana kwenye ukingo wenye mawe.

Kuhusu uzito, watu wengi husoma namba iliyochongwa kwenye risasi na kusahau unga. Kikapu chenye kipenyo cha milimita 30 na urefu wa 50 kina ujazo wa takriban sentimita za ujazo 35, na unga uliolowa ukishindiliwa humo ni gramu 35 hivi, zaidi kidogo kama umechanganya udongo. Fida ya 60 pamoja na unga huo ni gramu 95. Fimbo ya 120 inabeba hiyo vizuri na inabaki na akiba. Ukiweka fida ya 90 yenye kikapu kikubwa umeshavuka mwisho wake, na fimbo iliyoelemewa inatupa karibu, si mbali.

Kwa hiyo: kombora la gramu 60, kikapu kidogo au cha wastani. Ukitaka kulisha zaidi, ongeza idadi ya mitupo mwanzoni badala ya ukubwa wa kikapu.

Tope_na_Kina:
Nakubaliana na kombora kwa upande wa kuruka, lakini kwenye tope lina kasoro yake. Pua nzito na nyembamba inashuka wima na kuchoma tope, kikapu kinazama nusu, na unga unabaki umefukiwa. Dalili yake: ukianza kuvuta unahisi fida inang'oka kwanza, halafu inakuja na tope jeusi puani. Ukiona hivyo shuka hadi gramu 50, au chagua kombora lenye pua pana ya mviringo. Fida bapa zilaze kando kwa kazi hii, hewani zinapeperuka.

Ila tatizo la chambo kumwagika haliishi kwa kubadilisha umbo tu. Mita 12 ni safari ndefu, na maji yanapita ndani ya matundu muda wote. Una njia mbili. Ya kwanza ni fida ya dirisha: ncha zote zimezibwa na kuna uwazi mmoja tu ubavuni. Unajaza funza au punje katikati, kisha unafunika dirisha kwa unga ukishindilia kwa dole gumba. Hii ndiyo ningeichagua kwa kina hicho, hasa kama chambo chenyewe ni vitu vidogo vinavyopenda kuponyoka. Nyingi nazo zina risasi puani, kwa hiyo hupotezi umbali.

Ya pili ni kubaki na kikapu chenye matundu madogo na kurekebisha unga. Lowesha mara mbili, ukiacha dakika 15 hadi 20 katikati, kisha pitisha kwenye chekeche la milimita 3 au 4. Ukilowesha mara moja, punje za ndani zinabaki kavu. Zikinyonya maji baadaye zinavimba na kupasua donge likiwa bado linashuka. Unga ukikosa kunata, ongeza udongo wa mfinyanzi mkavu uliosagwa, kidogo kidogo.

Ili kupima, hesabu sekunde toka fida inapogusa maji hadi ncha ya fimbo inyooke. Kisha tumbukiza fida iliyojazwa kwenye ndoo, uichezeshe polepole kwa muda huohuo. Unga ubaki wote, halafu uanze kubomoka ndani ya dakika moja au mbili. Usipime kwa kuivuta ziwani ikigusa chini tu, maana kuvuta kwenyewe kunaosha kikapu. Na ikirudi na unga baada ya dakika 5, umeshindilia mno.

Chubwi_Zito:
Shukrani wakuu. Maswali mawili. Nikifunga mshipi kwenye klipu ya spuli (kile kibanio kinachousimamisha kwenye umbali uleule kila mtupo), je, fida haivutwi kurudi kwangu inaposhuka? Na kwa gramu 95, mshipi wa 0.12 utahimili?

MshipiMrefu:
Hilo la kuvutwa watu hulitia chumvi. Mshipi ukikaza kwenye mita 70 na kina ni 12, fida inatua kama mita 69 kutoka kwako, yaani unapoteza mita moja. Kwenye mita 20 kwa kina hichohicho ungepoteza 4, na hapo ndipo lina maana. Upepo unaopinda mshipi ndio adui mkubwa zaidi: fida ikigusa maji tu, zamisha ncha ya fimbo.

Klipu pima nchi kavu: vijiti viwili, mita 4 kati yake, pitisha mshipi toka kijiti kimoja hadi kingine mara 17 upate mita 68. Wakati wa kutupa, inua fimbo fida ikiwa bado hewani ili ipokee mshtuko. Mshipi ukikaza, shusha fimbo kuelekea majini taratibu, fida ishuke wima.

0.12 peke yake usithubutu. Weka lida, yaani kipande cha mshipi mnene mbele ya mshipi mkuu cha kupokea mshtuko, ya nailoni ya milimita 0.28 hadi 0.30, urefu wa fimbo mbili na mizunguko isiyopungua 5 kwenye spuli, kwako kama mita 9. Nailoni inavutika, kwa hiyo klipu haikati ghafla. Vaa kinga ya kidole.

Tope_na_Kina:
Nyongeza kuhusu kujisokota: uzi wa ndoano uwe sentimita 50 hadi 70, na kabla yake weka sentimita 12 za nailoni iliyosokotwa mara mbili, ngumu, ili uzi usiizunguke fida. Na hakikisha mshipi ukikatika fida inaweza kuchomoka, samaki asibaki anaiburuta.