Waandishi na wachoraji wa fantasia, elfi wenu ana urefu gani hasa? Tumechoka!

Wakuu, leo sina simile. Nimesoma hadithi moja ya fantasia, sura ya tatu elfi (kiumbe wa kubuni anayefanana na binadamu, masikio yamechongoka) anaingia nyumba ya binadamu ameinama asigonge boriti. Sawa, tumeelewa, ni mrefu. Sura ya tisa huyohuyo kajibanza nyuma ya kibeti (wale watu wafupi wenye ndevu wa kwenye fantasia), tena kibeti kasimama, na maadui wanapita bila kuona hata ncha ya sikio. Masikio yenyewe yale! Nikamuuliza mwandishi kwa adabu zote. Jibu: "Hiyo ni fantasia tu, mbona unakuwa siriasi?"

Hivi tangu lini fantasia ikawa ruhusa ya kuandika ovyo? Tolkien, mwandishi wa The Lord of the Rings, alibuni ulimwengu mzima na bado hobiti wake, wale watu wadogo, wana vipimo: futi 2 hadi 4. Akamtoa mmoja aliyepitiliza, Bandobras Took, futi 4 na inchi 5, na kwa urefu huo jamaa akaweza kupanda farasi. Umeona? Zile inchi zina kazi. Sasa nyie kibeti wenu "anarukia tandiko" la farasi wa vita. Anarukiaje? Nani kamshikia ngazi?

Na upinde ndio usiseme. Upinde mrefu wa kivita unafika futi 6. Mnampa elfi wa futi 4 na nusu, anakimbia nao msituni, anapiga shabaha akiwa amechuchumaa. Ncha ya chini inaenda wapi, ardhini?

Wachoraji nanyi msijifiche. Kwenye jalada elfi, binadamu na kibeti vichwa viko mstari mmoja. Huyo si kibeti, ni baba mtu mwenye ndevu.

Halafu kuna hawa polisi wa urefu. Ukichora elfi mfupi wanakuvamia: "Elfi halisi ni mrefu kuliko binadamu!" Halisi wa wapi? Elfi wa Shakespeare wakiogopa wanajificha ndani ya vikombe vya mbegu za mwaloni. Snorri Sturluson, mwandishi wa kule Iceland, karne ya 13, kasema elfi wa nuru wanapendeza kuliko jua, urefu hakugusa. Kwenye Dungeons & Dragons, ule mchezo wa kuigiza wahusika wa fantasia, toleo la tatu elfi ni mfupi kuliko binadamu; toleo la tano, 2014, wanaanzia chini ya futi 5 hadi kuvuka 6. Mnachokishikilia ni cha Tolkien, na hata kwake Thingol, mfalme wa elfi, anatajwa kwa urefu kwa sababu aliwazidi wenzake wote.

Mimi sidai futi ngapi. Mfanye hata wa inchi moja, nitasoma. Ila ukishamfanya hivyo, mlango, farasi, upinde na kitanda vimfuate mpaka sura ya mwisho.

Anayebisha aje na kitabu na ukurasa. Habari za "kila mtu anajua" sizitaki hapa.